Mahitaji ya Karani: Kiswahili na Programu Huria za Afisi, kwa Mtazamo wa Shimanzi

Utangulizi

Shimanzi ni sehemu ya kisiwa cha Mombasa isiyotajwa sana katika maandishi ya wanaisimu. Wachunguzi wa Kiswahili waliofika Mvita aghalabu walielekea Mji wa Kale, penye misikiti, malenga na nyaraka za kale, na upande ule wa kisiwa wenye maghala, njia za reli na matangi ya mafuta wakawaachia wanahistoria wa bandari na wa vyama vya wafanyakazi. Hata hivyo, lau maandishi yangepimwa kwa uzito wa karatasi badala ya umri wake, Shimanzi na Kilindini zingekuwa miongoni mwa mahali palipoandikwa zaidi katika pwani yote ya Afrika ya Mashariki. Hakuna gunia la kahawa, sanduku la chai wala pipa la mafuta lililopita hapo bila ya waraka, na hakuna waraka uliopita bila ya mkono wa karani.

Makala hii inakusudia kulichunguza swali ambalo kwa kawaida huachiwa mafundi wa kompyuta, nalo ni hili: mtumiaji wa kila siku anahitaji nini hasa katika programu huria za afisi, yaani zile programu za kuandikia barua, kupangia majedwali na kupigia hesabu ambazo hutolewa bila malipo, na ambazo mtu yeyote ana ruhusa ya kuzibadili? Hoja itakayotetewa ni kwamba mahitaji hayo ni machache, ni ya zamani kuliko kompyuta yenyewe, na sehemu yake kubwa yamekwisha kutimizwa na mafundi. Yaliyobaki ni yale ambayo fundi hawezi kuyatimiza peke yake, kwa kuwa ni mahitaji ya lugha. Juhudi za kuzitafsiri programu hizo kwa Kiswahili, zilizoanza mwaka 2004, zilifanya kazi ya maana. Lakini zilianza na jambo ambalo karani angeweza kulikosa, na likachelewa lile ambalo hakuweza kulipata kwa mtu mwingine.

Msamiati wa afisi ulivyofika bandarini

Ni vyema kwanza kutazama jinsi kazi ya afisi ilivyopata maneno yake katika pwani hii. Neno "karani" lenyewe lilikuja kwa njia ya biashara ya Bara Hindi. Ndivyo yalivyokuja pia "cheti", "chapa", "hundi", "bima" na "ankara". Kutoka Kiarabu yakaja "daftari", "hesabu", "stakabadhi", "shehena", "forodha", "waraka" na "nakala". Kiajemi kikatoa "muhuri". Baadaye, bandari ya kisasa ilipojengwa Kilindini na reli iliyoanza kutandikwa mwaka 1896 ilipoingia bara, Kiingereza kikaongeza "afisi", "faili", "risiti" na "taipu".

Maneno haya hayakubuniwa na kamati. Kila moja lilishuka pwani pamoja na kitu chake au desturi yake. Aliyeijua hundi aliijua kwa sababu alidai au alidaiwa kwayo. Aliyelijua daftari alilijua kwa sababu jina lake liliandikwa ndani yake. Neno likakaa kwa kuwa kazi ilikaa. Na kwa kuwa neno lilitumika, likatii sarufi ya Kiswahili bila ya kulazimishwa: karani akawa na makarani, cheti kikawa na vyeti, na chapa ikazaa kuchapa, kuchapisha na mchapishaji. Mtu asiyefahamu historia ya neno "cheti" hawezi kulitambua kuwa ni geni, kwani sauti yake ya kwanza imeliingiza katika ngeli ya ki-/vi- kana kwamba lilizaliwa humo.

Mfano huu una uzito katika mjadala wa istilahi. Unaonyesha kwamba katika afisi za bandari, asili ya neno haikuwa sharti la kupokewa kwake. Sharti lilikuwa kazi. Karani hakuuliza kama "ankara" ni neno la Kibantu. Aliuliza kama ankara imelipwa.

Vyombo vya karani kabla ya kompyuta

Mzigo unaoingia kwa meli huandamana na hati kadhaa. Kuna hati ya shehena inayotolewa na mwenye meli, ambayo kwa desturi ya bahari hutolewa nakala halisi tatu. Kuna ankara ya muuzaji. Kuna orodha ya vifurushi. Aghalabu kuna cheti cha kuonyesha nchi bidhaa ilikotoka. Na kuna tamko linalopelekwa forodhani ili ushuru ukadiriwe. Hati hizi zote hurudia mambo yale yale: jina la meli, jina la mpokeaji, alama zilizo juu ya masanduku, idadi, uzani na thamani. Kosa la tarakimu moja katika hati moja, likitofautiana na hati nyingine, laweza kuuzuia mzigo usitoke, na mzigo usiotoka hutozwa gharama za kuwekwa.

Kutokana na hali hiyo, mahitaji ya karani wa wakala wa forodha yanajieleza yenyewe. La kwanza ni kunakili: jambo lililokwisha kuandikwa mara moja liweze kurudiwa bila kukosewa. Wakati wa taipu, haja hii ilitimizwa kwa karatasi ya kaboni na kwa stensili. La pili ni kuhifadhi: hati ipatikane mwaka kesho ikiwa patatokea madai. Haja hii ilitimizwa kwa faili na kabati. La tatu ni safu za hesabu zinazojumlika. La nne ni kusahihisha bila ya kuandika upya ukurasa mzima. La tano, ambalo mara nyingi husahauliwa, ni kwamba hati itokayo katika afisi moja isomeke katika afisi nyingine kama ilivyoandikwa. Karatasi ya taipu haikuwa na shida juu ya jambo hili la mwisho. Safu iliyonyooka Shimanzi ilifika Nairobi au Kampala imenyooka vile vile.

Kompyuta za mezani zilipoenea, zilikuja na programu zilizojaribu kutimiza mahitaji haya haya. VisiCalc ya mwaka 1979 na Lotus 1-2-3 ya mwaka 1983 zilikuwa, kwa hakika, daftari la hesabu lenye kujumlisha lenyewe. WordStar na WordPerfect zilikuwa taipu yenye kufuta. Lakini kila toleo jipya liliongeza mambo, na baada ya miaka ishirini programu moja ya kuandikia ilikuwa na mamia ya amri ambazo watumiaji wengi hawakuzijua hata kwa majina.

Amri tano

Kuhusu amri hizo, uko ushahidi unaofaa kuzingatiwa. Kampuni ya Microsoft, ilipokuwa ikitayarisha toleo la mwaka 2007 la programu zake za afisi, ilikusanya kumbukumbu za matumizi kutoka kwa watu waliokubali matumizi yao yarekodiwe. Mwaka 2006 Jensen Harris, mmoja wa wahusika wa kazi hiyo, alieleza hadharani matokeo kuhusu programu ya kuandikia ya toleo la 2003. Amri iliyotumika kuliko zote ilikuwa ile ya kubandika, ambayo peke yake ilichukua zaidi ya asilimia 11 ya matumizi yote. Ikafuatwa na kuhifadhi, kunakili, kutendua na kukoza herufi. Amri hizi tano kwa jumla zilifikia takriban asilimia 32 ya matumizi yote ya amri.

Tukizilinganisha na mahitaji ya karani yaliyotajwa hapo juu, mambo hayageuki sana. Kunakili na kubandika ni karatasi ya kaboni. Kuhifadhi ni kabati la faili. Kutendua ni kifutio. Kukoza herufi ni ule mstari uliopigwa chini ya jumla ili mtu asiupite bila kuuona. Ni kweli kwamba takwimu hizo hazikukusanywa Mombasa, na watumiaji waliorekodiwa hawakuwa makarani wa bandari. Lakini ulinganifu wake na hati za forodha unatosha kuonyesha kwamba haja za msingi hazibadiliki sana kutoka bandari moja hadi nyingine.

Kuna hoja inayopinga mtazamo huu, nayo haifai kupuuzwa. Mwaka 2001 Joel Spolsky, mtengenezaji programu wa Marekani, aliandika kwamba ingawa watu wengi hutumia sehemu ndogo tu ya programu, si wote watumiao sehemu ile ile. Mmoja hawezi kufanya kazi bila ya kuhesabu maneno, mwingine bila ya tanbihi, mwingine bila ya kuchapa anwani juu ya bahasha. Anayetengeneza programu ndogo kwa kutegemea sehemu ndogo inayotumiwa na wengi atakuta kila mteja analalamikia jambo lake. Hoja hii ni sahihi, na kwa mjadala wa lugha ina maana ya pekee, kwa sababu miongoni mwa mambo ambayo wachache katika dunia huyahitaji ni Kiswahili chenyewe. Kwa mfanya biashara wa programu, mtumiaji wa Kiswahili sanifu ni wachache. Mtumiaji wa Kimvita ni wachache ndani ya wachache. Na anayetaka kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu karibu hahesabiki. Hapo ndipo programu huria inapopata umuhimu wake, kwa kuwa haimlazimu mtumiaji kungojea mpaka haja yake ilete faida kwa mtu mwingine.

Kutoka StarOffice hadi Jambo OpenOffice

Historia ya programu huria za afisi yaweza kuelezwa kwa ufupi. Kampuni ya Kijerumani iliyoitwa StarDivision ilitengeneza programu iliyojulikana kama StarOffice. Mwaka 1999 kampuni hiyo ilinunuliwa na Sun Microsystems ya Marekani, na mwaka 2000 Sun iliutoa wazi msimbo wake chini ya jina la OpenOffice.org. Toleo la 1.0 lilitoka mwaka 2002. Toleo la 1.1 la mwaka 2003 liliongeza mambo mawili ya maana kwa makala hii: uwezo wa kutoa hati katika muundo wa pdf, na uwezo wa kuandika kutoka kulia kwenda kushoto. Mwaka 2010, baada ya Sun kununuliwa na Oracle, sehemu kubwa ya watengenezaji walijitenga na kuanzisha LibreOffice.

Katika mfululizo huo Kiswahili kiliingia mwaka 2004. Mradi uliojulikana kwa jina la Kilinux, uliounganisha idara ya sayansi ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washauri wa Kiswidi, kwa msaada wa shirika la maendeleo la Uswidi, Sida, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya afisi yenye menyu za Kiswahili. Mwaka uliofuata Microsoft nayo ilitoa tafsiri ya Kiswahili ya sehemu za programu zake. Hivyo katika muda wa miaka miwili Kiswahili kilipata istilahi za kompyuta nyingi kuliko zilizopatikana katika miaka yote iliyotangulia.

Baadhi ya istilahi zilizoenea kutokana na kazi za namna hii ni za kusifiwa. "Bandika" ni neno la kila nyumba, na linabeba picha halisi ya kitendo. "Tendua" limeundwa kwa kanuni ile ile iliyotoa "fungua" kutokana na "funga" na "bandua" kutokana na "bandika": kiambishi cha kinyume kimetiwa katika shina "tend-", na msemaji yeyote anaielewa maana bila ya kamusi. Mengine hayakuwa na bahati hiyo. Kompyuta yenyewe iliitwa "ngamizi" na wengine, "tarakilishi" na wengine, huku watu wakiendelea kuiita kompyuta. Na hata leo mwanafunzi wa Kenya huandika tarakilishi katika insha, akatamka kompyuta atokapo darasani.

Pamoja na sifa hizo zote, menyu za Kiswahili hazikuwa desturi katika afisi za Mombasa. Sababu si ngumu kuziona. Kwanza, karani alifundishwa kompyuta kwa Kiingereza, na mkono wake ulikwisha kuzoea mahali pa kila amri. Hakuisoma menyu, aliikumbuka. Pili, hati za meli na za forodha ziliandikwa kwa Kiingereza, na mfumo wa Simba, uliowekwa na mamlaka ya kodi ya Kenya mwaka 2005 kwa ajili ya matamko ya forodha, ulifuata desturi hiyo hiyo. Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, lakini katiba haibadili fomu kwa siku moja. Tatu, katika mazungumzo makarani walikuwa wamekwisha kujipatia maneno yao: "kusevu", "kuprinti" na mengine ya aina hiyo. Msomi anaweza kuyachukia maneno haya, lakini yanapita njia ile ile iliyopitwa na "chapa" na "cheti".

Safu zilizopinda

Kikwazo kikubwa zaidi kwa programu huria katika afisi hizi hakikuwa cha lugha hata kidogo. Kilikuwa ni lile hitaji la tano: hati isomeke kwa mwingine kama ilivyoandikwa. Afisi moja ikitumia programu ya kununua na nyingine ikatumia ya huria, jedwali lililopangwa vizuri huku laweza kufika kule limepinda, mistari imeruka, na jumla imeshuka ukurasa wa pili. Chanzo chake mara nyingi ni kidogo sana, yaani upana wa herufi. Ikiwa kompyuta inayopokea haina aina ile ya herufi, huweka nyingine yenye upana tofauti, na kila mstari husogea. Mwaka 2007 kampuni ya Red Hat ilitoa herufi huria zilizoitwa Liberation, zenye upana ule ule wa herufi za kawaida za biashara kama Times New Roman na Arial, na tatizo hilo likapungua.

Mwaka huo huo wa 2007 ulileta tatizo jingine. Microsoft ilibadili muundo wa kuhifadhia hati zake, na waliokuwa na matoleo ya zamani wakashindwa kuzifungua hati mpya mpaka waongeze kiunganishi maalumu. Kabla ya hapo, mwaka 2006, muundo wa OpenDocument unaotumiwa na programu huria ulikuwa umekubaliwa kuwa kiwango cha kimataifa chini ya nambari ISO/IEC 26300. Kwa mtu wa afisi, kiwango hicho kina maana moja tu: hati aliyoiandika ni yake, na hatalazimika kununua programu fulani ili aisome baada ya miaka kumi.

Iongezwe pia haja ya kuokoa hati umeme ukatikapo. Kenya ilipitia mgao mkali wa umeme mwaka 2000 kwa sababu ya ukame, na aliyefanya kazi wakati huo hakuhitaji takwimu za Marekani kumweleza kwa nini amri ya kuhifadhi ni ya pili kwa matumizi. Programu inayojihifadhia hati kila baada ya dakika chache ina thamani kubwa zaidi katika afisi ya namna hiyo kuliko mapambo mia ya herufi.

Haya yote ni mambo ya mafundi, na mafundi wameyashughulikia. Mawili yanayofuata si yao peke yao.

Mstari mwekundu

Kipengele cha programu ya afisi kinachogusa lugha moja kwa moja ni kile cha kukagua tahajia. Mwandishi wa Kiswahili anayetumia programu iliyotayarishwa kwa Kiingereza huuona ukurasa wake wote umepigwa mistari myekundu, kana kwamba mwalimu amelikataa kila neno. Wengi hukizima kipengele hicho na kuendelea. Lakini kukizima ni kukosa msaada ambao mwandishi wa Kiingereza anao. Na zaidi ya hayo, ni kuzoea kuona kwamba lugha yake, machoni pa mashine, ni kosa.

Kutengeneza kikaguzi cha Kiswahili si kazi ya kuorodhesha maneno tu. Kinadharia, tukichukua kwa uchache viambishi 15 vya kiima, 12 vya mtendwa na vitano vya wakati, shina moja la kitenzi linatoa maumbo 900, kabla ya kuingiza ukanushi, urejeshi na minyambuliko. Programu ya Hunspell, iliyoingizwa katika OpenOffice.org mwaka 2006, ilitengenezwa kwanza kwa ajili ya Kihungari, lugha ambayo huambatanisha viambishi vingi nyuma ya shina. Kiswahili huambatanisha vingi mbele. Uchambuzi wa kina wa maumbo ya Kiswahili kwa kompyuta ulifanywa Chuo Kikuu cha Helsinki na Arvi Hurskainen, na orodha ya maneno iliyowezesha kikaguzi cha Kiswahili katika OpenOffice.org ilitayarishwa na Jason Githeko wa Chuo Kikuu cha Egerton, Kenya. Kazi hizi hazikupata shangwe iliyopewa menyu, lakini ndizo zilizomgusa mwandishi katika kila mstari anaouandika.

Hata hivyo, swali kubwa linabaki: kikaguzi kinakagua Kiswahili kipi? Hapa historia inarudi Mombasa kwenyewe. Mwaka 1928, mkutano wa wajumbe wa nchi za Afrika ya Mashariki uliofanyika katika mji huu uliamua kwamba lahaja ya Unguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu. Mwaka 1930 Kamati ya Lugha ikaanzishwa, Frederick Johnson akiwa katibu wake wa kwanza, na kamusi zake zikatoka mwaka 1939. Kimvita, lahaja ya Muyaka bin Haji, ambayo wamishenari wa Mombasa walikuwa wameitumia katika tafsiri zao, kilikosa nafasi hiyo katika mji wake mwenyewe.

Uamuzi wa 1928 ulikuwa na manufaa yake, na makala hii haikusudii kuufufua mgogoro huo. Lakini kitabu cha kamusi hukaa rafuni mpaka mtu akitafute, ilhali kikaguzi cha tahajia hukaa ndani ya karatasi yenyewe, kikitoa hukumu mwandishi angali akiandika. Orodha iliyojengwa juu ya Kiswahili sanifu itayapiga mstari maneno kama "mtele", "nti" na "ndia", ambayo Mvita huyasema kwa mchele, nchi na njia. Lililo gumu zaidi ni neno kama "teka". Mtu wa Mvita akiliandika kwa maana ya kucheka, mashine italipitisha kimya kwa kuwa sanifu ina "teka" yake yenye maana nyingine. Kwa hiyo mwandishi wa Kimvita hukosolewa pasipo kosa, na pengine hupitishwa pasipo kueleweka. Kijana akifanyiwa hivyo kila siku atajifunza kuandika sanifu, jambo ambalo si baya. Ila atajifunza pia kwamba maneno ya nyanyake ni makosa ya chapa.

Programu huria inaruhusu tiba ambayo ile ya kununua haiitoi kwa urahisi. Orodha ya maneno ya Kimvita yaweza kuongezwa kando ya ile ya sanifu, mwandishi akachagua aitumie au asiitumie. Hakuna ruhusa ya kuomba wala ada ya kulipa. Kinachohitajika ni orodha yenyewe, iliyokaguliwa na watu wanaoijua lahaja. Fundi wa Helsinki au Njoro hawezi kuibuni.

Herufi za Kiarabu

Hitaji la pili la lugha ni la maandishi. Kwa karne kadhaa Kiswahili cha pwani kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na Mombasa ilikuwa na mabingwa wa kazi hiyo. Mwalimu Sikujua, aliyefariki mwaka 1890, alimwandikia W. E. Taylor mashairi ya Muyaka kwa herufi zilizoongezewa alama ili kutofautisha sauti ambazo Kiarabu hakizitofautishi. Mwaka 1932 Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui alianzisha hapa Mombasa gazeti la Al-Islah, lililotumia Kiswahili na Kiarabu. Mhariri wa gazeti la namna hiyo akipewa programu ya afisi leo, haja yake ya kwanza itakuwa ukurasa unaokubali mistari iendayo kulia na iendayo kushoto bila ya kuvuruga mpangilio.

Uwezo huo, kama ilivyoelezwa, umekuwamo katika programu huria tangu mwaka 2003, na herufi za ziada kwa sauti kama p, ch, g na v zimo katika mfumo wa kimataifa wa Unicode, kwa kuwa Kiajemi, Kiurdu na Kimalei zilizihitaji kabla. Kilichokosekana kwa muda mrefu ni njia rahisi ya kuziandika na makubaliano ya tahajia. Katika miaka ya 2010 Kevin Donnelly alitoa zana huria alizoziita Andika!, zenye kuhamisha Kiswahili baina ya herufi za Kiarabu na za Kirumi. Kazi hiyo inaonyesha kwamba jambo linawezekana; ila kukubaliana juu ya vokali e na o, au juu ya sauti mv na nd, si uamuzi wa mtengeneza programu. Ni kazi ya idara za lugha, na imekwisha kungoja sana.

Hitimisho

Makala hii imejaribu kuonyesha kwamba mahitaji ya mtumiaji wa kila siku hayafahamiki kwa kuhesabu amri zilizomo katika programu, bali kwa kuitazama kazi anayoifanya. Kazi ya karani wa Shimanzi ilidai kunakili, kuhifadhi, kujumlisha, kusahihisha na kufikisha hati bila ya kuharibika. Mahitaji haya yalitimizwa na kaboni na kabati, kisha yakatimizwa na kompyuta, na sasa programu huria inaweza kuyatimiza bila ya malipo.

Tafsiri ya menyu ilikuwa heshima kwa Kiswahili, na istilahi zilizopatikana zitadumu kadiri zitakavyofanya kazi. Lakini kama ilivyokuwa kwa "hundi" na "ankara", neno hufuata kazi, halitangulii. Wanaisimu wanaotaka Kiswahili kikae katika kompyuta za bandari watafaulu zaidi wakianza na yale yanayomgusa mwandishi katika kila mstari: kikaguzi kinachotambua minyambuliko, orodha ya istilahi za forodha na shehena kama zinavyosemwa na watu wa kazi hiyo, orodha ya maneno ya Kimvita na lahaja nyingine, na tahajia iliyokubaliwa ya herufi za Kiarabu. Mambo haya hayahitaji kiwanda wala mtaji mkubwa. Yanahitaji wasomi wachache wenye subira, wakikaa na wasemaji wenyewe.

Mwaka 1928 wajumbe waliokutana Mombasa walichagua lahaja moja kwa sababu vitabu vya shule vilikuwa ghali kuchapwa kwa lahaja nyingi. Sababu hiyo leo haipo tena. Orodha ya pili ya maneno haigharimu karatasi hata moja. Ikiwa Kimvita kitaendelea kupigwa mstari mwekundu katika mji wa Mvita, lawama haitakuwa ya mashine.